Kompyuta Iliyokula Usingizini

Tangu nirudi Nakuru sijanywa chai kwa amani. Nikikaa tu kwenye chumba cha walimu, mmoja anavuta kiti: "Zuhura, hebu tuambie, ni kweli uligombana na kompyuta mlimani?" Nikianza kusimulia, kengele inalia, na kesho yake anakuja mwingine aliyesikia nusu, anataka nusu iliyobaki. Nimechoka. Nimeandika yote hapa, na atakayeniuliza tena nitamkabidhi karatasi hizi akasome mwenyewe. Mambo ya pasi, mihuri na tiketi nayaruka, maana hayo hata mimi yalinichosha.

Kwa asiyejua, nilipokuwa nasoma Uholanzi tulikuwa Waafrika wachache chuoni, na mmoja wetu alikuwa Gidudu, Mganda wa Mbale, Mgisu, mtu wa mlimani. Alikuwa hajafika kwao kwa miaka mingi. Nilipokaribia kurudi nyumbani, alipata barua ya dada yake, Nandudu, anayekaa Jinja. Ukoo wao umekaa, umeamua kwamba Gidudu alikufa zamani huko aliko na watu wanawaficha. Watamzika. Mwili hawana, kwa hiyo watazika shina la mgomba mahali pake, kama wanavyomfanyia mtu aliyepotelea mbali. Siku imeshapangwa.

Nilidhani ni utani wa kwao. Gidudu hakucheka. Alinieleza kwamba katika ukoo wao mtu akishazikwa hivyo, shamba lake linagawanywa, jina lake anapewa mtoto mwingine, na hata akitokea uani siku ya pili hawezi kuingia nyumbani kwa mama yake. Barua alizoandika walisema zimeandikwa na mtu mwingine. Picha walisema ni za zamani. Simu alipiga mara moja, mama yake akashuka hadi posta ya Mbale kuipokea, akasikia sauti inayopita puani kama ya Mzungu, akairudisha chini akilia. Huyu si mwanangu, alisema.

Ndipo Gidudu akachukua kompyuta yake ya kubeba, akaweka juu yake kijikamera kidogo kama yai, akajipiga picha akiongea. Picha ile haikutosha kwenye diski, kwa hiyo alinipa kompyuta nzima niibebe. Mimi ni mwalimu wa historia na napiga taipu kwa vidole viwili, naye alilijua hilo. "Usiizime kabisa," akaniambia. "Ukiizima hutajua pa kunitafuta. Funga kifuniko tu, italala. Ukifika inua kifuniko, bonyeza kitufe hiki kirefu, mimi nitaongea."

Nikamuuliza kama ikilala inakula umeme. "Kidogo sana," akasema. Mimi hicho kidogo nilikichukua kama hakuna. Kwao mlimani umeme haujafika, kwa hiyo kila kitu kilitegemea betri ifike imejaa. Nilimwahidi itafika, na niliahidi kwa mdomo mpana.

Nakuru hadi mpakani

Basi liliondoka Nakuru na adabu zake zote, likazipoteza baada ya Eldoret. Mkanda wa feni ulikatika tukashinda kando ya barabara tukila mayai ya kuchemsha na kachumbari, dereva akituambia fundi yuko njiani. Mwishowe fundi alikuwa dereva mwenyewe, na mkanda ulikuwa soksi ya kike aliyoomba kwa abiria mmoja. Nilikaa na begi mapajani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mama aliyekuwa pembeni yangu aliuliza mtoto ana miezi mingapi.

Malaba afisa wa forodha alitaka kuona. Nikainua kifuniko, Gidudu akatokea amekaa kwenye kiti chake cha hosteli, mdomo ameufunga, anangoja. Afisa akainamia kioo. "Televisheni?" Nikamwambia kompyuta. "Basi mbona ina mtu ndani?" Nilieleza, akaita wenzake nieleze tena, kisha akanipungia mkono nipite kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachelewesha foleni. Nikafunga kifuniko. Kitaa kidogo cha kijani kikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, polepole kama mtu anayepumua. Kilinipa raha kukiona. Nilijua mtu wangu amelala.

Walukuba

Watu wa Mbale mtasema njia ya kwenda huko haipiti Jinja, na ni kweli, lakini nilikuwa sijui mlango wa mtu yeyote mlimani. Nandudu ndiye angenipeleka. Nyumba yake iko Walukuba, kwenye zile nyumba za mistari walizojengewa wafanyakazi wa viwandani. Yeye alifanya kazi ya nguo hadi kiwanda kikafungwa. Mume wake, Opio, ni mtu wa kaskazini, askari magereza, na Kiswahili chake amekipata kambini. Alinipokea begi mlangoni akasimama wima.

"Karibu, shemeji."

"Mimi si shemeji yako, bwana Opio. Nilisoma na Gidudu tu."

"Ndiyo, shemeji. Watu naanzaga hivyo."

Tulikula viazi vitamu na samaki kwenye mchuzi wa karanga, chakula ambacho nikikikumbuka hadi leo nasamehe mengi yaliyofuata. Kisha nikaweka kompyuta mezani, nikachomeka plagi kwenye soketi yao ya matundu mawili, nikabonyeza kitufe kirefu. Nandudu alimtazama kaka yake mdomo umefunikwa kwa kiganja. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Amenenepa." La pili halikutoka. Alilia hadi Opio akaondoka kwenda kusimama nje.

Ikawa hatuzimi tena. Jirani alisikia kilio akaja kutoa pole, akamkuta Gidudu anaongea, akaenda kuwaita wengine. Nusu ya mstari ule iliingia sebuleni. Wote walitaka kumwona Mgisu aliyefungiwa kwenye sanduku, na Nandudu hakumnyima mtu. Walipoondoka ngurumo zilikuwa zimeanza upande wa ziwa. Nikafunga kifuniko, nikaiacha imechomekwa ili ishibe usiku kucha, nikaenda kulala kwenye chumba cha watoto.

Asubuhi niliikuta juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua pembeni, waya umekunjwa vizuri kando yake. Nikaguswa. Nilisema moyoni kwamba wanawake wa Jinja wanajua kutunza kitu cha mgeni. Nikaitia kwenye begi bila kuuliza swali hata moja.

Barabara ya Tirinyi

Opio alichukua ruhusa ya kazi ili atusindikize, akavaa sare yake yote, kwa maana alisema barabara inapenda sare. Alitupatia nafasi kwenye pikapu ya mfanyabiashara aliyekuwa anapeleka soda Mbale. Mimi na Nandudu tulikaa mbele, Opio nyuma na makreti.

Tairi lilipasuka baada ya Iganga. Tairi la akiba nalo lilikuwa halina upepo, na mwenye gari alituambia hivyo bila aibu yoyote, kana kwamba hilo ndilo linalotegemewa. Tulikaa kwenye majani tukila ndizi za kuchoma, gonja wanaita, huku likipelekwa kuzibwa. Nilikuwa na hasira, kwa sababu siku ya maziko ilikuwa kesho yake na mimi ndiye pekee niliyekuwa nasema tuharakishe. Nandudu akaniambia, "Tutafika, dada. Wewe mtu ya Kenya unatembea na saa kichwani."

Karibu na daraja la Mpologoma kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Kijana mmoja mrefu, bunduki mgongoni, alifungua begi langu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nyinyi wote, shuka chini. Sasa hivi."

Tukashuka.

"Hii kitu napiga jicho. Nini hii?"

"Ni kompyuta, afande," nikasema. "Imelala."

"Imelala? Mimi nikilala, wewe naona jicho yangu inafanya hivi?" Akafumba na kufumbua jicho kuniigiza.

Opio akaruka kutoka juu ya makreti, akapiga saluti. "Afande, mimi ni magereza ya Jinja. Hii ni kichwa ya shemeji yangu tu, iko ndani. Mama yake nataka kumuona."

Kwa maelezo hayo hali ilizidi kuwa mbaya. Tulipomaliza kuelezana, begi lilikuwa chini peke yake katikati ya barabara na sisi sote tulikuwa mbali nalo. Niliamriwa nikafungue mwenyewe. Nilitembea nikisoma dua zote ninazozijua, nikainua kifuniko, nikabonyeza. Gidudu akaanza kuongea kwa Kigisu, na mwanajeshi mmoja aliyekuwa amekaa kivulini akainuka kama aliyeitwa kwa jina.

"Huyu ni ya kwetu," akasema. "Huyu nasema na mama yake. Nasema, 'Mimi ni mzima, msinizike.'"

Sura ya yule mrefu ikabadilika palepale. Waliweka bunduki chini, wakachuchumaa kuizunguka kompyuta. Wakaomba tena. Mkubwa wao, aliyekuwa ananawa miguu kando ya mto, aliitwa, na alipofika ilibidi Gidudu aanze mwanzo. Alikuwa katikati ya maneno lori lilipopiga honi nyuma yetu, mkubwa akafunga kifuniko yeye mwenyewe, mdomo wa Gidudu ukiwa wazi. Tulipewa karanga za kula njiani. Kile kitaa kilikuwa sasa rangi ya chungwa. Niliona ni urembo tu.

Mbale

Tuliingia Mbale mvua imetangulia. Tulipata nyumba ya wageni si mbali na mnara wa saa, na jambo la kwanza nililomwomba mwenye nyumba ni soketi. Alinitazama kwa huruma. "Umeme tulipata jana, nyabo. Leo ni zamu ya watu wengine." Nyabo kwao ni mama.

Nilistaajabu. Nimetoka Jinja, bwawa lenyewe la umeme nimeliona kwa macho yangu, halafu nafika hapa naambiwa umeme una zamu. Nandudu aliniambia hata wao wanaokaa karibu na bwawa wanakaa gizani, na akalisema hilo kama mtu anayesema kesho ni Ijumaa.

Chakula kiliniletea balaa jingine. Waliniwekea mchuzi mzito wa karanga wenye vipande vya kahawia, vina nyuzinyuzi na harufu ya moshi. Mimi Mwislamu, nikauliza kwa upole huyu ni mnyama gani na amechinjwa na nani. Chumba kizima kilicheka hadi mpishi akatoka jikoni kuja kumwona mtu aliyeuliza. Kumbe ni malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayokaushwa kwa moshi. Nilikula sahani mbili ili kufuta aibu.

Sikuifungua kompyuta jioni ile. Nilijiambia imelala, haina kazi inayofanya, inakula nini? Ni afadhali niiache ipumzike. Nilijisifu kwa busara hiyo.

Kupanda Wanale

Asubuhi tulipanda mlima Wanale kwa miguu. Njia ilikuwa utelezi mtupu, na wanawake waliobeba mikungu ya ndizi vichwani walitupita wakishuka bila hata kutazama miguu yao, huku mimi nimeshika majani kila upande. Tulipofika boma la kina Gidudu jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu, na nilichokiona kilinifanya nisahau mapafu yangu.

Shimo lilikuwa tayari. Si shimo la maigizo. Kaburi kamili, kina cha mtu, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Na kando yake juu ya mkeka shina la mgomba limelazwa, limefungwa shuka jeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na mtu yeyote angeona kichwa na miguu. Wanawake wamekaa chini, miguu imenyooshwa. Sikuwa nimeamini hadi dakika ile.

Mama Nambozo, mama yake Gidudu, ni mdogo wa mwili, alikuwa ameegemea ukuta, hana machozi. Alinishika mkono asiuachie, akamuuliza Nandudu jambo. "Anauliza kama wewe ndiye mke," Nandudu akaniambia. "Nimesema hapana. Anasema basi utakuwa."

Msemaji wa ukoo alikuwa Mzee Woniala, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Gidudu. Aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha baadhi yenu. Nilikwenda nikitarajia kumkuta mlafi wa shamba la mtu. Sikumkuta huyo.

"Binti," akaniambia, "tazama huyu mama. Kila akisikia hatua njiani usiku anaamka, anafungua mlango. Mtu anaishi hivyo hadi lini? Akizika atalia, akilia atapona. Lakini nimeambiwa unalo jambo. Tuonyeshe, sote tuone."

Nikaiweka kompyuta kwenye kigoda. Watu wakasogea. Nikainua kifuniko.

Kioo kilikuwa cheusi. Nikabonyeza kitufe kirefu. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Nikabonyeza vyote. Hakuna taa, hakuna mlio, nilijiona mwenyewe tu kwenye kioo, mdomo wazi. Kitu kilikuwa kimefungwa, kimelala, hakijaguswa na mkono wa mtu tangu jana, na kimekufa. Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Anasema nini?" Mzee Woniala akauliza.

"Bado," nikasema, nikabonyeza tena.

Nikamgeukia Nandudu kama mwehu. Nilimuuliza mbele za watu nani ametumia umeme wangu usiku ule wa Jinja, nani aliigusa.

"Hakuna aliyetumia. Mimi nilichomoa tu. Kulikuwa na radi."

"Ulichomoa usiniambie?"

"Nani anaambiwaga? Radi ikija unachomoa vyote, unafunika kila kitu inayong'aa, unalala." Alinitazama kama ninamuuliza kwa nini alifunga mlango usiku. Kila mwanamke aliyekuwa pale alitikisa kichwa kumuunga mkono, na hapo ndipo nilipokielewa kile kitambaa cheupe. "Na wewe ulisema imelala. Kitu imelala nakula nini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimejiuliza mimi mwenyewe, na jibu langu lilikuwa lile lile la kwake. Nilikaa chini kwenye udongo, nikalia mbele za watu nisiowajua. Moyoni nilimwona Gidudu kwenye kile kiti cha hosteli akiningoja.

Opio akanyoosha mkono bondeni. "Pale chini, kwenye maduka, mimi nimesikia jenereta. Iko kibanda ya video."

"Shimo limeshachimbwa," Mzee Woniala akasema. "Kwetu shimo la mtu halilali tupu. Likilala tupu litatafuta mtu mwingine. Kesho haipo."

Mama Nambozo hakungoja atafsiriwe. Aliinuka, akajifunga khanga kiunoni, akaanza kushuka. Mzee Woniala akamtazama, akavuta pumzi, akawageukia wazee wenzake waliobaki kulinda shimo. Aliwaambia kivuli cha nyumba kikigusa ukingo wa kaburi na sisi hatujarudi, wazike. Kisha akachukua fimbo yake, akatufuata.

Kwenye kibanda cha video

Kibanda kilikuwa cha mabati na matete, kimejaa watu, na ndani Wachina walikuwa wanapigana. Mwenye kibanda, Siraje, alikaa pembeni na kipaza sauti akiwatafsiria watu kwa Kiganda, sauti nzito kwa mwanamume, nyembamba kwa mwanamke. Opio aliingia wa kwanza na sare yake yote. Nusu ya watazamaji walitoka kwa nyuma wakipasua matete.

"Afande, leseni iko," Siraje akasema mikono juu.

"Sitaki leseni. Nataka umeme."

Tulimweleza. Alimtazama mama aliyekuwa anahema mlangoni, akachomoa televisheni yake. Waliobaki wakanung'unika. Plagi yangu ya Ulaya ina miguu miwili, na soketi yake ina matundu matatu, ila Siraje hakuuliza. Alichukua kijiti, akakisukuma kwenye tundu la juu, plagi ikaingia. Kitaa kikawaka.

Nikabonyeza. Yakaja maandishi ya Kiingereza kwenye weusi, na mstari mmoja ukaanza kutambaa polepole. Nikajua imeanza upya, na ikianza upya sijui pa kumtafuta. Mara kioo kikajaa rangi, na Gidudu akatokea pale pale yule mkubwa wa kizuizini alipomfungia, mdomo wazi katikati ya neno.

Mwalimu wa hesabu hapa shuleni amenieleza baadaye kwamba mashine hizi zikikaribia kufa njaa, baadhi yake huyaandika yote ziliyokuwa nayo kwenye diski yao ya ndani, kisha ndiyo zinakata roho. Mimi wakati ule sikujua. Niliona maiti amefumbua macho.

Nikamrudisha mwanzo. "Mulembe, mayi," Gidudu akasema, yaani amani, mama. Siraje, kwa mazoea yake, akadaka kipaza sauti, akaanza kumtafsiri kwa Kiganda kwa sauti ya shujaa. Nandudu alimpokonya kipaza sauti. Nikamrudisha Gidudu tena.

"Mulembe, mayi."

"Mulembe," Mama Nambozo akajibu. Akasogea. Akamuuliza neno. Gidudu akaendelea kueleza kuhusu masomo. Akamuuliza tena, kwa sauti zaidi, Gidudu akaendelea kueleza baridi ya huko. Mama akamgeukia Mzee Woniala, uso wote umefunguka.

Nandudu alikuwa analia na kucheka pamoja. "Anamuuliza kama amekula. Anasema ndiye. Tangu mdogo, ukimuuliza kitu anaongea lake."

Hapo ndipo mama yule alipolia. Alilia kwa sauti kubwa, ameshika kompyuta kwa mikono miwili kama anayeshika mashavu.

Mzee Woniala akasema, "Rudia." Alimtazama Gidudu pua ikikaribia kugusa kioo. "Rudia. Nataka sikio. Ana kovu nyuma ya sikio, aliangukia jembe langu." Gidudu alipogeuza kichwa mzee aliliona kovu, akapiga paja, akacheka hadi meno ya nyuma yakaonekana. Kisha akataka tena, si kwa ajili ya kovu, kwa raha tu. Watazamaji wa Wachina nao wakataka tena. Furaha ilitupofusha. Hakuna hata mmoja wetu aliyetoka nje kutazama jua.

Kurudi juu

Tulipanda tukiimba. Mzee Woniala ndiye aliyekuwa anaimbisha, na ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

Watu walikuwa wananawa mikono. Mkeka ulikuwa mtupu. Mahali pa shimo palikuwa na tuta la udongo mbichi lililosawazishwa vizuri kwa majembe, na kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshalipita, kimefika migombani.

"Kilifika," mzee mmoja akasema. "Tukangoja kidogo, kikapita. Wewe mwenyewe ulisema."

Mzee Woniala akakaa chini pale pale aliposimama. Mimi nilishindwa hata kulia. Tulikuwa tumetoka kumwona mtu akicheka, na hapa ameshazikwa. Niliwaza tungefika mapema kama ile betri ingekuwa na chembe tu ya uhai. Nilimchukia kila aliyebonyeza kile kitufe, na aliyekibonyeza mara nyingi kuliko wote ni mimi.

Mama Nambozo alichukua jembe lililoegemezwa ukutani. Aliposhusha la kwanza kwenye tuta, watu waliguna wote kwa pamoja. Wanawake wengine walifunika nyuso.

"Kaburi halifukuliwi," Mzee Woniala akamwambia kwa upole. Nandudu akanitafsiria kwa kunong'ona.

Mama hakusimama. "Hakuna mtu humu," alisema. "Mwanangu nimetoka kumwona. Ni nani mmemfunika na shuka langu?"

Mwanzoni hakuna aliyemsaidia. Nandudu alikwenda akachimba kwa mikono. Opio akavua shati la sare, akalikunja, akalipa jiwe lilishike, naye akaingia. Nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye udongo nilipomwona Mzee Woniala anainuka. Alimpokonya mama jembe. Nilidhani amemzuia. Akaanza kuchimba yeye.

Walilitoa shina likiwa na shuka lake. Mama alifungua shuka, akalikung'uta udongo, akalikunja. Shina wakalikatakata kwa panga, wakampa ng'ombe, na ng'ombe akalila lote huku ukoo mzima umesimama unatazama. Shimo Mzee Woniala alilijaza mawe na udongo kwa mkono wake mwenyewe, ili lisilale tupu. Alisema Gidudu akirudi atapitia nyuma ya nyumba, kondoo atachinjwa, kisha ataingia kwa mama yake kama watu wengine. Alilisema kama amri, na hakuna mzee aliyempinga.

Nilipokuwa naaga, mama alinishika mkono vilevile kama mara ya kwanza. "Anasema usimwambie," Nandudu akanieleza. "Mtu akijua kwao walishamzika, ataogopa njia ya kwao." Kwa hiyo na nyinyi mnaosoma haya, siku mkikutana naye, fungeni midomo.

Juma lililopita Gidudu alipiga simu ofisini kwa mwalimu mkuu. Sauti yake kweli inapita puani. Swali lake la kwanza lilikuwa kama betri ilitosha.

Nikamwambia ilitosha. Akauliza mama alisemaje. Nikamwambia mama anauliza kama umekula.

"Mwambie nimekula," akasema.